Boti ya saa tatu, JSON ya saa kumi na mbili

SWALI: Mhariri, salaam. Ninaandika programu ya Java ya kusajili mizigo inayopakiwa kwenye boti za Kibirizi, hapa Kigoma, na kumbukumbu zake humfikia mwenzangu wa Bujumbura zikiwa JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data), kwa kutumia Jackson, maktaba ya Java ya kuandika na kusoma JSON. Boti iliyoondoka saa tatu asubuhi, tarehe 5 Machi 2024, iliandikwa 1709618400000. Nilipoiwekea sehemu hiyo alama ya @JsonFormat yenye muundo "yyyy-MM-dd HH:mm", nikapata 2024-03-05 06:00. Je, kompyuta imechanganya saa za Kiswahili na za Kizungu?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, saa za Kiswahili hazihusiki, na hesabu yako mwenyewe inazitetea: kama zingekuwa zimeingia, tofauti ingekuwa ya saa sita, na 09:00 ingeandikwa 03:00. Wewe umepungukiwa saa tatu kamili, nazo ndizo Tanzania inazotangulia saa za UTC (saa ya marejeo ya dunia), ambazo Jackson huzifuata pale unapoipa muundo bila kuitajia ukanda wa saa.

Asili ya usumbufu huu ni kwamba JSON inazo namba, maandishi na orodha, lakini haina aina ya data iitwayo tarehe, kwa hiyo kila maktaba hujichagulia namna ya kuiandika. Jackson ya toleo la 2 isipoelekezwa huhesabu milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa UTC. Namba ndefu iliyokutisha ni ile ile saa tatu yako ya asubuhi, na haina kosa hata kidogo.

Kosa limo katika maandishi uliyoyapata baadaye, na hapa ziwa lina neno lake. Burundi iko saa moja nyuma yetu, hivyo boti ilipong'oa nanga Kibirizi, saa ya mwenzako ilikuwa 08:00. Hata ungefaulu kumwandikia 09:00 tupu, angeisoma kuwa 09:00 ya Bujumbura na kuikosea safari kwa saa nzima. Ndiyo maana siafiki dawa ya kujumlisha saa tatu kwa mkono, ingawa naiona katika programu nyingi. Andika muundo "yyyy-MM-dd'T'HH:mm:ssXXX", kisha uongeze katika alama hiyo hiyo timezone = "Africa/Dar_es_Salaam", nawe utapata 2024-03-05T09:00:00+03:00. Huo ni mtindo wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, na ile +03:00 ya mwisho humwezesha mpokeaji kujua wakati halisi popote alipo.

Chunga herufi: MM ni mwezi, mm ni dakika. Ukizibadilishana, boti yako itaondoka 2024-00-05, mwezi usiokuwapo.

Kwa tarehe isiyo na saa, kama ya kuzaliwa nahodha, tumia aina ya LocalDate ya Java pamoja na moduli ya JavaTimeModule ya Jackson 2, na uzime mpangilio wake wa WRITE_DATES_AS_TIMESTAMPS, la sivyo utaletewa orodha ya [2024,3,5]. Ukiiweka katika Date ya kawaida, saa sita usiku ya Kigoma ni 21:00 ya jana yake kwa UTC, na nahodha atazaliwa siku moja mapema. Kumbukumbu ulizokwisha kuzihifadhi kwa milisekunde ni sahihi; usiziguse.