Barua kwa binti yangu kuhusu kipandauso na uzito

Binti yangu mpendwa,

Umeniuliza kama kilo ulizoongeza tangu mwaka jana ndizo zinazokuzidishia kipandauso, au ni kipandauso chenyewe kinachokunenepesha. Swali hilo nililibeba kwa miaka mingi, nikilala katika chumba chenye giza na kitambaa kibichi usoni huku nguo zikizidi kunibana, nikiamini kwamba kosa lote lilikuwa ulafi wangu.

Mambo haya mawili hukuzana. Mtu anayeumwa mara mojamoja, akiwa na unene uliokithiri, huwa katika hatari kubwa zaidi ya kufikia kipandauso sugu, yaani kuumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu. Inadhaniwa kuwa kemikali zitokazo kwenye mafuta ya mwili huzifanya neva za kichwa ziwe nyepesi kuchokozeka. Naye anayeshinda kitandani siku kadhaa kila mwezi hutembea kidogo na hula bila mpangilio, na mwili wake hauwezi kubaki ulivyokuwa.

Hata hivyo, kabla hujajilaumu, nakusihi uvitazame vidonge unavyomeza kila siku kuzuia maumivu. Amitriptilini, flunarizini na valproeti zinajulikana kwa kuongeza uzito. Mimi nilikuwa nikimeza changu usiku, kisha nikajikuta nimesimama jikoni, taa haijawashwa, nikikomba sufuria ya chakula cha jioni ilhali nilikuwa nimeshiba. Hakuna aliyenionya, nilikuja kulisoma jambo hilo miezi minane baadaye, katika ile karatasi nyembamba inayokunjwa ndani ya boksi la dawa.

Usiache dawa ghafla kwa sababu ya maneno yangu. Mpelekee daktari tarehe uliyoanza kuitumia, uzito wako wa kila wiki na siku ulizoumwa, kisha umuulize kama ipo nyingine inayokufaa. Akitaja topirameti, ambayo huwapunguza wengi uzito, mweleze waziwazi kama unatarajia kushika mimba, kwa kuwa hiyo, sawa na valproeti, inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Wala usijinyime chakula ili upungue haraka, kwani kuruka mlo ni miongoni mwa vichochezi vya kipandauso vinavyojulikana sana, nawe utajikuta umerudi kitandani.

Jambo moja silifichi, maana linanitia hofu: wanawake wa umri wako walioongezeka uzito karibuni wanaweza kupata shinikizo la maji yanayozunguka ubongo, na macho yakaharibika. Ukiona ukungu machoni, au ukisikia mvumo masikioni unaofuata mapigo ya moyo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Niandikie siku ya miadi yako mapema, nije tuingie pamoja kwa daktari.

Mama yako