Shemeji zangu wamemsamehe dereva aliyemgonga mume wangu. Je, haki ya wanangu imekwisha?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh wetu. Mimi ni mjane wa Mtwapa, bado nimo edani. Mume wangu aligongwa na pikapu akivuka barabara kuu ya Malindi baada ya Isha, akafariki usiku ule ule. Ameacha mamake, mimi, na watoto watatu: wavulana wawili na msichana mmoja, mkubwa ana miaka tisa. Babake alitangulia zamani, na babu yao pia. Dereva ni Muislamu, mtu wa mtaani kwetu. Siku ya tatu ya matanga alikuja na wazee, akaleta shilingi 80,000 na karatasi. Shemeji zangu wawili wakatia sahihi kwamba familia imesamehe na haitadai kitu, si kwake wala kwa kampuni ya bima. Walisema ajali ni kadari, na pesa za bima ni haramu. Mimi sikuulizwa. Je, nikidai nitakuwa napinga kadari ya Mwenyezi Mungu? Pesa hizo ni halali kwa wanangu? Na msamaha wa shemeji zangu umeshapita?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo na akulelee wanao, mwanangu.

Naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo zito. Msamaha ule haukupita, kwa sababu waliosamehe hawakuwa na cha kusamehe.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu ametaja anayeua kwa kukosea: atoe kafara, na diya, yaani fidia ya uhai uliopotea, ikabidhiwe kwa watu wa aliyeuawa, isipokuwa wao wenyewe wakiitoa sadaka. Hao "watu wake" ni warithi wake. Diya ni kama mali nyingine aliyoiacha marehemu: hulipwa madeni yake, kisha hugawanywa mirathi. Sasa tazama mirathi ya mumeo. Fanya mali yote ni mafungu 120. Wewe una thumuni, yaani moja ya nane, mafungu 15. Mavyaa wako ana sudusi, yaani moja ya sita, mafungu 20. Yaliyobaki ni 85, ya watoto: kila mvulana 34, msichana 17. Ndugu wa marehemu hawapati hata fungu moja, maana wana wa kiume wamewazuia. Basi shemeji zako wamesamehe mali ambayo haikuwa yao. Mtu hawezi kutoa sadaka nazi za shamba la jirani.

Wewe na mavyaa wako mnaweza kusamehe mafungu yenu 35 mkitaka, kwa ridhaa, si kwa kusukumwa na wazee kwenye mkeka wa matanga. Lakini yale 85 ya mayatima hayasamehewi na yeyote. Si wewe, si ami yao, si mzee wa mtaa. Hata baba angekuwa hai asingekuwa na ruhusa ya kuiacha mali ya mwanawe mdogo iende bure.

Hapa watu wetu huchanganya mambo mawili. Ami huwa walii, yaani msimamizi, wa nikaha pale baba, babu na ndugu wanapokosekana, basi hudhani ni walii wa kila kitu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, walii wa mali ya mtoto ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha aliyeusiwa na mmoja wao, kisha kadhi. Ami hayumo, na mama pia kwa kauli yenye nguvu hayumo mpaka ausiwe au kadhi amteue. Kwa hiyo nenda kwa Kadhi ukaombe usimamizi wa mirathi na wa mali ya watoto. Usiyaache kwa maneno ya barazani.

Na hili la mke kutoulizwa si jipya. Sayyidna Omar, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa akiona kwamba diya ni ya jamaa wa kiumeni tu, mke hana kitu katika diya ya mumewe. Mpaka Dhahhak bin Sufyan akamwambia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwandikia kuwa amrithishe mke wa Ashyam adh-Dhibabi katika diya ya mumewe. Omar akaiacha rai yake pale pale. Hadithi hii imo kwa Abu Daud na Tirmidhi, na Ibn Shihab ameeleza kwamba Ashyam huyo aliuawa kwa kukosea, yaani kifo cha namna ya mumeo. Ikiwa Omar alirudi nyuma, na shemeji zako warudi.

Ama kadari, ni kweli mumeo amekwenda kwa ajali yake aliyoandikiwa. Lakini aliyetufundisha kuamini kadari ndiye aliyehukumu diya. Wanawake wawili wa kabila la Hudhail walipopigana, mmoja akamrushia mwenzake jiwe akamuua pamoja na mimba yake, Mtume hakuwaambia jamaa wa marehemu wakakae kimya kwa kuwa imeandikwa. Alihukumu diya. Nimeona kwa miaka mingi kwamba neno kadari hutumika sana pale anayedai ni mjane, wala silisikii linapogongwa gari la mwenye nguvu.

Tuje kwenye bima. Kuna hitilafu mashuhuri juu ya mkataba wa bima ya kawaida, na wanazuoni wengi wa zama zetu wanaukataza kwa sababu ya gharari, yaani kuuziana jambo lisilojulikana, na riba. Sikufichi hilo. Lakini swali lao ni juu ya anayefunga mkataba, na wewe hukufunga mkataba wowote. Na huku Kenya mwenye gari hakati bima kwa hiari yake. Sheria ya bima ya magari, sura ya 405, inamkataza kuingia barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Huyo mtu wa tatu ndiye mumeo. Deni liko shingoni mwa dereva, na kampuni imejifunga kumlipia. Mwenye kudai akilipwa haki yake na aliyejitwika deni, hahojiwi mdaiwa na mlipaji walipatanaje.

Tena hata kifikihi, diya ya kukosea hailipwi na mkosaji peke yake. Huchukuliwa na akila yake, jamaa zake wa kiumeni, kwa muda wa miaka mitatu. Leo akila ziko wapi? Ukiwakusanya binamu za dereva wakachange, watazima simu. Baraza la Kimataifa la Fikihi lilipokutana Dubai mwaka 2005 lilizungumzia jambo hili, likaona kwamba pasipokuwa na akila ya ukoo, bima ya kiislamu, mifuko na vyama vya wafanyakazi vinaweza kusimama mahali pake. Bima ya kawaida ina mjadala wake kama nilivyosema, ila mzigo wa kuutatua mjadala huo haumwangukii yatima.

Je, unaweza kupokea zaidi ya haki yako? Kwa hesabu za Kenya sina wasiwasi huo. Diya ni ngamia 100, au dinari 1,000 za dhahabu kwa makadirio ya Omar, karibu kilo 4 na robo. Hata tukimkadiria ngamia mmoja kwa shilingi 50,000, bei ambayo mfugaji wa Garissa ataicheka, ni milioni 5. Na sheria imeiwekea kampuni ya bima mpaka wa shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi humrudia aliyehukumiwa mwenyewe.

Ila ndani ya haki kuna adabu yake. Mumeo alivukia wapi? Alitokea ghafla gizani, au alikuwa anaonekana? Baraza hilo hilo, katika kikao cha Brunei mwaka 1993, limesema dereva hubeba dhamana ya madhara aliyosababisha, isipokuwa kama ni jambo lisilozuilika, au kosa la aliyegongwa ndilo lililoleta ajali, au kosa la mtu mwingine. Wakikosea wote wawili, kila mmoja hubeba sehemu yake. Mahakama zetu nazo hugawa lawama kwa asilimia. Basi shahidi aseme alichokiona. Ukiambiwa ongeza mshahara ambao marehemu hakuwa nao, au leta shahidi ambaye usiku ule alikuwa Kilifi amelala, kataa. Hiyo ndiyo haramu ya kuiogopa. Na jihadhari na madalali wa kesi wanaozunguka wodini na matangani. Kabla ya kutia kidole popote, muulize wakili fungu lake ni ngapi, na akuandikie.

Kesi yenyewe haiendi kwa Kadhi. Ibara ya 170 ya Katiba imempa Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Fidia ya ajali husikizwa na hakimu. Kudai haki yako huko hakukutoi katika dini. Chukua nakala ya ripoti ya ajali polisi, cheti cha kifo na risiti za hospitali, na usichelewe, maana madai ya kifo yana muda wa miaka mitatu tangu siku ya kufariki. Pesa zikitoka, aliyegharamia hospitali na mazishi arudishiwe chake, na kilicholipwa kwa sababu ya kifo kigawanywe kwa mafungu niliyokutajia.

Eda haikuzuii. Toka mchana kwa haja hii, usiku urudi ulale nyumbani kwako.

Dereva naye, ikiwa alizembea, ana kafara. Kwa kuwa hakuna mtumwa wa kuacha huru, ni kufunga miezi miwili mfululizo. Bima haimfungii, wala msamaha wenu haumwondolei. Mfikishieni kwa upole. Huenda hajui, na pengine halali usiku kama usivyolala wewe.

Zimebaki zile 80,000. Aulizwe alizitoa kwa nia gani. Ikiwa ni rambirambi na gharama za mazishi, zimeshafanya kazi yake. Ikiwa ni sehemu ya diya, basi zihesabiwe katika fidia, na shemeji zako wazikabidhi kwa msimamizi atakayeteuliwa na Kadhi, zikiwa timamu.

Wallahu aalam.