Usizime apdeti za Windows, zipangie siku yake

Pole sana ndugu, bando la wiki kuisha siku moja kisa laptop imejishushia apdeti kupitia hotspoti ya simu inauma kwa kweli, ila hilo wazo lako la kuzima apdeti kabisa nakusihi usifanye. WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai pesa, ilipopiga mwezi wa tano 2017 mpaka hospitali za Uingereza zikakwama, Microsoft walishatoa apdeti ya kuizuia tangu mwezi wa tatu, walioumia ni ambao hawakuwa wameiweka.

Shida ni kwamba Windows ikiona hotspoti yako inaichukulia kama waifai nyingine yoyote, inashusha tu. Kwa hiyo ingia Settings, halafu Network & internet, fungua Wi-Fi, bonyeza jina la simu yako, shuka chini utakuta Metered connection, yaani kuiambia Windows kuwa intaneti hii ni ya bando la kupimwa, washa hapo. Apdeti nyingi zitasubiri, ingawa zile za muhimu sana zinaweza kupenya. Ukibadilisha simu washa upya maana setingi hiyo inakaa na waifai moja moja.

Kama una kazi ya haraka bonyeza Pause kwenye Windows Update, inakubali mpaka wiki 5, ila usiache ifike huko. Apdeti za usalama hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, kwa saa zetu ni usiku, so kuanzia Jumatano tafuta waifai ya ofisini au chuo, chomeka chaja, acha ishushe yote na uiristati hapohapo, usifunge mfuniko katikati.