Mahindi Meupe, Safi, Lakini Yana Sumu: Ushauri Wangu Kuhusu Sumukuvu

Kila msimu wa mavuno swali hili hunifikia kutoka kwa ndugu, jamaa na marafiki: tule dona au sembe? Ni swali la maana, ila jibu lake halianzii mashineni, linaanzia shambani, kwenye udongo. Nimefanya kazi ya msaidizi wa utafiti katika vijiji vya Dodoma na Manyara, nikichukua sampuli za mahindi na karanga majumbani na kuzipeleka maabara kupimwa sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na kuvu (ukungu) kwenye chakula. Ninayoyaandika hapa ni yale ninayowaambia watu wangu wa karibu wanaponiuliza, na ninayoyafuata nyumbani kwangu.

Kwanza tuelewane kwamba jambo hili si la kutishana. Katikati ya mwaka 2016, katika baadhi ya vijiji vya mikoa hiyo miwili, watu walianza kuugua ugonjwa ambao mwanzoni haukujulikana: macho ya njano, tumbo kuuma na kujaa, kutapika, miguu kuvimba. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Uchunguzi ulipogeukia chakula, chanzo kilionekana kuwa sumukuvu kwenye mahindi yaliyokuwa majumbani. Kenya walikuwa wamekwisha kulipitia hilo kwa ukubwa zaidi mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo ya jirani: wagonjwa 317, vifo 125. Na hao ni wale waliokula sumu nyingi kwa mkupuo. Anayekula kidogo kidogo kila siku kwa miaka haoni dalili yoyote, na huko ndiko tuliko wengi wetu.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu, hasa aina iitwayo Aspergillus flavus. Kuvu huyu anaishi kwenye udongo na kwenye mabua na magunzi yaliyobaki shambani. Hahitaji mahindi yetu ili aishi. Hapo alipo anakula masalia ya mimea kama viumbe wengine wengi wa ardhini. Shida huja pale mvua zinapokatika mahindi yakiwa yanabeba na joto likapanda. Mmea uliobanwa na ukame hukosa nguvu ya kujikinga, bungua na viwavi hutoboa gunzi, na vumbi lenye mbegu za kuvu huingia kupitia hariri (zile nywele za gunzi) na matundu hayo. Kwa hiyo mahindi yanaweza kufika nyumbani na sumu yake tayari, hata kabla hujafikiria ghala. Ndiyo maana Tanzania ya kati na Ukambani nchini Kenya, maeneo ya mvua chache, yanarudi kila mara katika simulizi hii. Watafiti waliochunguza mahindi ya Kenya baada ya maafa ya 2004 walikuta kundi moja la kuvu huyo, linalojulikana kama aina ya S, limetawala, nalo ni hodari mno wa kutoa sumu. Mashamba mawili yanaweza kuonekana sawa kabisa kwa macho, kumbe chini ya udongo jamii za kuvu zilizomo ni tofauti.

Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza ulipo: usiamini macho, na usiutegemee moto. Nilikuwa kwa mama mmoja Chemba, nikamweleza kwa nini tunachukua mahindi yake. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ugali wangu mimi naupika ukaiva. Moto hauachi kitu." Nilimjibu, "Mama, kuvu anakufa, ila sumu aliyoiacha haiondoki." Na ndivyo ilivyo. Sumu hii inastahimili joto kubwa kuliko la sufuria yoyote ya ugali au makande. Haina rangi utakayoiona wala ladha utakayoihisi kwenye unga. Ukungu wa kijani au wa njano kwenye punje ni onyo, hilo ni kweli, lakini punje isiyo na ukungu haijapata cheti cha usalama.

Kuna jambo ambalo watu wasiofanya kazi ya sampuli hawalijui, nami naliona ni muhimu kuliko mengi. Sumukuvu haienei sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zinaweza kubeba sumu ya kutosha kuchafua gunia zima, na punje zilizo jirani zikawa hazina kitu. Ndiyo sababu tulichoma bambo, kile chuma cha kutolea punje guniani, juu, katikati na chini ya gunia, kwenye magunia mengi, tukamwaga yote kwenye turubai, tukachanganya, tukagawa mafungu manne na kuchukua mawili yanayotazamana, tukachanganya tena na kugawa tena. Kisha sampuli yote ilisagwa kabla ya kupima kijiko kimoja cha unga wake. Akija mtu kukuambia shehena yake imepimwa, muulize sampuli ilichukuliwaje. Konzi moja ya mahindi kutoka mdomoni mwa gunia haisemi lolote kuhusu yaliyobaki.

Jambo hilohilo ndilo linalokupa nafasi ya kujiokoa nyumbani. Kama sumu imejikusanya kwenye punje chache, basi ukizitoa punje hizo umetoa sehemu kubwa ya sumu. Chambua. Toa zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi. Mwaga mahindi kwenye ungo au sinia penye mwanga wa kutosha, si jioni kwenye taa hafifu. Kwenye karanga uchambuzi una faida kubwa zaidi, kwa sababu ile iliyosinyaa na yenye uchungu mdomoni ndiyo mara nyingi mbaya. Ukikutana na karanga chungu, iteme. Adabu ya mezani iweke kando kidogo.

Nirudi kwenye mavuno, kwani hapo ndipo ushindi hupatikana au hupotezwa. Usiyaache mahindi yasimame shambani wiki nyingi baada ya kukomaa ukidhani yanakauka. Yananyonya umande usiku, wadudu wanaingia, kuvu anaendelea na kazi. Vuna kwa wakati, anika juu ya turubai au kichanja, kamwe si chini kwenye udongo, maana kwenye udongo unayarudisha kwa mwenyeji wake. Ukipura kwa kupiga gunia na fimbo punje zinapasuka, na kila ufa ni mlango. Kupukuchua kwa mkono au kwa mashine nzuri ni bora. Na kwenye karanga kuna tabia ninayoomba iachwe kabisa: kunyunyizia maji maganda ili yabanguke kwa urahisi. Najua vidole vinauma. Lakini maji yale ndiyo kuvu alikuwa anayasubiri.

Mahindi yanatakiwa yafikie unyevu wa asilimia 13 hivi kabla ya kuhifadhiwa. Wengi hung'ata punje, na mzee mzoefu hakosei sana, ila kipo kipimo cha chupa ambacho nimekifanya vijijini mara nyingi na watu wanakipenda kwa kuwa wanajionea wenyewe. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, jaza mahindi kama theluthi ya chupa, funga kizibo, tikisa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Chumvi ikianguka yote chini, umeshuka chini ya 15. Hapo bado usikimbilie kufunga magunia, anika tena siku moja au mbili za jua kali. Wale waliougua Kenya mwaka 2004 walipolinganishwa na majirani wasiougua, moja ya tofauti kubwa ilikuwa kuweka mahindi mabichi ndani ya nyumba ya kulala. Watu waliyaingiza ndani kwa sababu ya njaa na hofu ya wizi, na mimi siwezi kumlaumu mtu mwenye hofu hiyo. Ila yakilazimika kulala ndani, yakaushwe kwanza.

Mifuko ile ya matabaka matatu isiyopitisha hewa ni mizuri. Dumuzi, ambaye kwetu wengi humwita Skania, hufa humo kwa kukosa hewa bila dawa. Lakini mfuko haukaushi mahindi. Vilevile dawa ya unga ya kuhifadhia huua wadudu, haimgusi kuvu wala sumu yake. Nimekutana na watu wengi walioamini kwamba wakishatia dawa wamemaliza habari ya sumukuvu.

Sasa dona na sembe. Sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini cha punje, hivyo kukoboa huipunguza kwa kiasi kikubwa. Hapo hapo dona ina virutubisho ambavyo sembe imevipoteza, na wataalamu wa lishe wanatuhimiza tuile, kwa haki yao. Msimamo wangu ni huu: kula dona ya mahindi unayoyajua, uliyoyakausha na kuyachambua wewe au mtu unayemwamini. Kama ni mahindi ya kununua usiyojua yalilala wapi, koboa. Kisha pumba za mahindi hayo usimpe kuku wala ng'ombe ukiwa na amani moyoni, kwa sababu umeikusanya sumu huko. Ng'ombe akila chakula chenye sumukuvu, ini lake huibadilisha na sehemu yake hutoka kwenye maziwa. Kwa mama anayenyonyesha ni hivyohivyo. Mahindi mabovu yanayopelekwa kwenye komoni, pombe ya kienyeji, nayo hayajatupwa, yamebadilisha tu njia ya kuingia mwilini. Yenye kuvu yachomwe au yafukiwe. Najua ni rahisi kuandika hivi na ni vigumu kufanya mwaka wa njaa, na kwa sababu hiyo naona serikali zetu zinapaswa kuwa na chakula mbadala cha kumpa anayeombwa kutupa cha kwake.

Linalonisumbua usingizi zaidi ni uji wa watoto. Tumezoea kuamini kwamba unga wa lishe kadiri unavyochanganywa vitu vingi ndivyo unavyokuwa bora, na karibu kila mchanganyiko una mahindi na karanga, mazao mawili yanayoongoza kwa sumukuvu. Mtoto anaanza kula akiwa na miezi sita, mwili mdogo, anakunywa uji huo asubuhi na jioni kila siku. Utafiti wa Benin na Togo uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba watoto wenye alama nyingi zaidi za sumukuvu kwenye damu walikuwa wamedumaa na wana uzito pungufu, na kiwango kilipanda pale walipoacha ziwa na kuanza uji. Wanasayansi bado wanabishana ni kwa kiasi gani sumu yenyewe ndiyo inayodumaza, kwani umaskini na maradhi huenda pamoja nayo. Mimi kama mzazi sisubiri ubishi uishe. Uji wa nyumbani kwetu ni wa ulezi au mtama, nafaka zisizoshambuliwa sana, na karanga zikiingia huwa zimechambuliwa moja moja na kuondolewa maganda. Protini tunaipata kwa dagaa na yai.

Kwa wenye mashamba, habari njema zaidi niliyoikuta katika kazi hii ni Aflasafe, bidhaa ya kumwaga shambani iliyotokana na ushirikiano wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, na watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani. Ndani ya kuvu wa jamii hiyohiyo wamo wasioweza kutengeneza sumu. Watafiti waliwatafuta kwenye mazao ya hapahapa, wakawapandikiza juu ya punje za mtama zilizouawa zisiote. Mkulima humwaga kilo 4 kwa ekari kwa mkono, udongo ukiwa na unyevu, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kuchanua. Kuvu hao wapole wanawahi nafasi, wanaenea, na wale wenye sumu wanakosa pa kukaa. Kenya iliisajili mwaka 2015, Tanzania ikafuata 2018. Ukichelewa hadi mahindi yamechanua, umepoteza fedha. Na hata ukiimwaga kwa wakati, kukausha kuko palepale.

Kwenu vijana mnaosoma kilimo, ikolojia au afya ya jamii na mnatafuta la kuchunguza: ingieni huku, na msijifungie kwenye idara moja. Daktari anaona ini, bwana shamba anaona gunzi, mtu wa udongo anaona kuvu, na mwaka 2016 ilibidi wote wakutane ndipo ugonjwa upate jina. Mkichukua mahindi ya mtu, mrudishieni majibu. Mzee mmoja wa Kiteto alituuliza, "Wanangu, wenzenu walikuja wakachukua, hawakurudi. Nyinyi mtarudi?" Panga bajeti ya kurudi tangu siku unapoandika pendekezo, pamoja na mahindi safi ya kumbadilishia yule ambaye yake yatakutwa na sumu.

Jambo la mwisho ni la wote, mkulima na asiye mkulima. Sumukuvu husababisha saratani ya ini, na kwa mtu mwenye maambukizi ya homa ya ini aina ya B hatari hiyo huongezeka mara nyingi sana. Makadirio yanayotajwa zaidi ni hadi mara 30. Watoto wa sasa hupata chanjo yake kwenye ratiba ya kliniki, lakini wengi wetu watu wazima tulizaliwa kabla haijaanza kutolewa. Nenda kituo cha afya, omba upimwe homa ya ini B. Ukikutwa huna, chanja, na hakikisha umemaliza dozi zote tatu.