Sensa ya Oksijeni Iliyoganda Kwenye Ekzosi: Kinacholindwa ni Thredi za Bomba

Sensa ya oksijeni, yaani kifaa kinachopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi wa injini, ikiwa imekaa kwenye ekzosi ya gari miaka 10 au 15 bila kuguswa, thredi zake huwa zimepata moto na kupoa mara maelfu, zimeingiwa na maji na tope, na chuma chake kimeshikana kwa kutu na kile kitako kilichochomelewa kwenye bomba. Wewe unayeanza kazi hii naomba ushike jambo moja kabla hujagusa spana: sensa unayoitoa imekwisha kazi, na hata ikivunjika hujapoteza kitu. Kitu chenye thamani pale ni thredi zilizo ndani ya kitako, kwa sababu hizo ndizo zitakazoishika sensa mpya. Kila hatua uipime kwa swali la kama inazilinda thredi hizo au inaziharibu.

Nilijifunza hilo kwa gharama. Katika miaka yangu ya mwanzo niliingiza bomba refu kwenye mpini wa spana, nikavuta kwa nguvu zote, na sensa ikaanza kuzunguka. Nilifurahi, nikaendelea kuvuta ijapokuwa ilizidi kuwa ngumu badala ya kulegea. Ilipotoka, ilikuwa imezungukwa na utepe mwembamba wa chuma unaong'aa, kama waya uliosokotwa. Utepe ule ndio uliokuwa thredi za kitako. Kazi ya nusu saa ikawa ya siku mbili: kufungua bomba lote la mbele, kukata kitako cha zamani na kuchomelea kipya. Tangu siku hiyo, sensa ikizunguka kidogo kisha ikaanza kukaza, mimi husimama papo hapo.

Kabla ya hayo yote, hakikisha kwamba sensa ndiyo mbovu. Msimbo wa P0171, mojawapo ya namba za hitilafu zinazosomwa kwenye kompyuta ya gari, husema tu kwamba kompyuta imeona hewa nyingi mno ikilinganishwa na petroli, na mara nyingi sensa inayolaumiwa inasema kweli tupu, kwa kuwa kuna mpira wa hewa uliopasuka upande wa injini au ekzosi inavuja mbele ya sensa na kuingiza hewa ya nje. Msimbo wa P0135 unahusu hita, yaani kipasha joto kilicho ndani ya sensa ya kwanza kutoka kwenye injini, na hapo fyuzi na nyaya hukaguliwa kwanza, kisha ukinzani wa hita hupimwa kwa mita. Sensa ya kawaida ya zirkonia (aina ya kauri), ikishapata moto wa kutosha, hupandisha na kushusha volti zake kati ya takriban 0.1 na 0.9, ukiona inapanda na kushuka upesi namna hiyo, usiifungue. Inasikitisha kuona mtu anahangaika saa nzima na sensa iliyoganda ambayo haikuwa na kosa lolote.

Ukisharidhika kwamba lazima itoke, anza siku moja kabla kama nafasi ipo. Ekzosi ikiwa baridi, sugua kingo za kitako kwa brashi ya waya, kisha nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu mahali sensa inapokutana na kitako, uyaache yanywee na kurudia mara mbili au tatu. Usitumie dawa ya kusafishia breki badala yake, kwani baadhi ya dawa hizo zina klorini, na klorini hiyo ikikutana na moto hutoa fosjini, gesi ya sumu kali. Siku ya kazi gari likae juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake, na macho yako yafunikwe kwa miwani, maana ukilala chini ya ekzosi ya zamani kutu hukudondokea usoni kila unapoigusa.

Sasa spana. Sensa nyingi zina kichwa cha milimita 22, na thredi zake ni za M18 (kipenyo cha milimita 18) kwa hatua ya milimita 1.5, yaani umbali kati ya thredi moja na nyingine. Ile soketi yenye mwanya ubavuni wa kupitishia waya inafaa kwa sensa isiyoganda sana. Kwenye iliyoganda, mwanya huo hupanuka unapovuta, soketi inateleza, na kona za kichwa zinalika. Kwa kuwa sensa ya zamani haitarudi, mimi hukata waya wake karibu na kichwa, nikaweka soketi ndefu nzima yenye pembe sita, au spana ya pete ya pembe sita pale nafasi ilipo finyu. Uamuzi huo mdogo umenisaidia kutoa sensa nyingi kuliko mafuta yoyote. Ila usikate waya kabla ya kuwa na sensa mpya mkononi na kuilinganisha na ya zamani kwa urefu wa waya na umbo la konekta.

Jaribio la kwanza liwe la kukaza kidogo sana, kisha kulegeza. Mwendo huo mdogo wa kwenda mbele huvunja utando wa kutu, na utasikia mlio mfupi mkavu, kama ukuni unaopasuka; hiyo ni ishara njema. Isipotikisika, leta moto. Futa mafuta yote uliyonyunyizia kwanza, kwa sababu yanawaka, uangalie pia yalipo mabomba ya petroli, mipira ya breki na nyaya, na kizimamoto kiwe karibu na mkono wako. Moto uelekeze kwenye kitako, ukizungusha ncha ya tochi ya gesi pande zote, wala si kwenye sensa. Kitako kikipata moto hutanuka na tundu lake huongezeka kidogo, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuachisha kutu. Kikifikia wekundu hafifu, weka soketi na uvute kwa nguvu ya taratibu isiyokatika, bila kurusha mkono.

Ikianza kuzunguka, subira yako ndiyo inaanza kupimwa. Legeza robo ya mzunguko, rudisha nusu ya hiyo robo, ukiona inakaza simama, acha bomba lipoe, tia mafuta, kisha endelea mbele na nyuma. Unga mwekundu wa kutu utatoka ukiwa umechanganyika na mafuta. Ufute, kwa sababu unga huo ndio unaokwaruza thredi ukibaki ndani. Kuna sensa zilizonichukua dakika 40 kwa mwendo huu, na kitako kikabaki kizima.

Baada ya kuitoa, pitisha kifaa cha kusafishia thredi cha M18 kwa 1.5 kwa mkono, kikiwa kimepakwa grisi ili chembe zinase humo zisianguke kwenye bomba. Tapi ya kukatia thredi mpya iwe ya mwisho, kwa kuwa inaondoa chuma ambacho bado kingefaa.

Sensa mpya aghalabu huja ikiwa imepakwa dawa ya kuzuia kuganda. Kama haina, paka kidogo kwenye thredi tu, aina inayokubalika kwa sensa, wala isiguse ncha yenye matundu. Usitumie silikoni karibu nayo, mvuke wake huiua. Sensa iliyoanguka sakafuni usiifunge, kwa maana kauri ya ndani hupasuka bila kuonyesha alama nje. Anza kuifunga kwa vidole hadi ikae, kisha kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari husika, ambacho kwa thredi za M18 mara nyingi ni karibu nyutoni mita 40. Konekta usiitie grisi, kwani sensa nyingi huvuta hewa yao ya kulinganishia kupitia ndani ya waya. Waya wenyewe ufungwe kwenye vishikio vyake mbali na bomba, kisha washa injini ikiwa baridi na usikilize pembeni ya kitako kama kuna pumzi inayotoka, kabla joto halijakuzuia kusogeza mkono.