Handikapu za watu wawili wawili: kwanza jua mnacheza mchezo gani

Gofu niliijua kwa kubeba mabegi. Kiwanja chetu kina mashimo 9, kaskazini ya mji, upande wa Mangapwani, Unguja, na nilikuwa kedi pale kabla sijashika fimbo yangu mwenyewe. Siku hizi nacheza, na wenzangu hunipa kazi ya kupanga mashindano yetu madogo ya wawili wawili. Mara ya kwanza niliiharibu kazi hiyo, na niliyojifunza siku ile nataka ayajue kila atakayepewa kalamu na karatasi ya kuandika timu.

Tulikuwa timu 8 na tulicheza skrambo: nyote wawili mnapiga, mnachagua mpira uliokaa vizuri zaidi, mnapiga tena nyote kutoka hapo, mpaka uingie shimoni. Kwenye handikapu, yaani mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake, nikafanya linalomjia kila mtu kichwani mwanzo: nikajumlisha za wawili, nikagawa kwa 2. Timu moja ilikuwa na mchezaji wa 6 na wa 10, ikapata 8. Nyengine ilikuwa na wa 12 na kijana anayejifunza mwenye 32, ikapata 22. Wa kwanza walirudi na mikwaju 69, wa pili 75. Nikatoa handikapu: 61 kwa 53, na kwa kuwa mikwaju michache ndiyo ushindi, kombe nikawapa wa pili.

Mzee wa timu ya kwanza, niliyembebea begi miaka mingi, aliichukua kadi, akaisogeza mbali na macho kidogo, akapita na kidole mstari kwa mstari. Halafu akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hesabu hii umeitoa wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Usiku ule nikakaa kusoma. Mfumo wa dunia wa handikapu, ulioanza kutumika mwaka 2020, unapendekeza kwa skrambo ya wawili asilimia 35 ya handikapu ndogo na asilimia 15 ya kubwa. Kwa mzee na mwenzake ni 2.1 na 1.5, jumla 3.6, unakamilisha kuwa 4. Kwa wale wengine ni 4.2 na 4.8, jumla 9. Sasa toa: 65 kwa 66. Mzee alikuwa ameshinda kwa mkwaju mmoja, nami nilimpa kombe mtu mwengine. Nilimfuata nyumbani kwake nikamwambia.

Kwa nini asilimia ni ndogo hivyo? Fikiria yule kijana wa 32. Handikapu yake imejengwa na mipira iliyopotea vichakani na mikwaju iliyopita grini, ile nyasi fupi yenye shimo. Kwenye skrambo makosa hayo yanafutika, kwani mwenzake akipiga vizuri mnaondoka na mpira wa mwenzake. Lakini mara nne tano kwa siku atapiga mkwaju mzuri sana, na huo unahesabiwa. Ukimpa handikapu nzima unamlipa fidia ya makosa ambayo hayakuigharimu timu yake chochote.

Hesabu yangu ya kugawa kwa 2 ipo, ila ni ya mchezo mwengine. Ni ya fosamu, ambapo timu ina mpira mmoja na mnapokezana mkwaju kwa mkwaju. Hapo kosa la kijana halifutiki, mwenzake anakwenda kulipigia huko huko vichakani. Ndiyo maana timu inapewa nusu ya jumla ya handikapu zao. Timu ile ile iliyostahili 9 kwenye skrambo inastahili 22 kwenye fosamu.

Foboli ni nyengine tena. Kila mtu ana mpira wake mpaka mwisho wa shimo, na inachukuliwa alama ya aliyefanya vizuri. Mkihesabu mikwaju, kila mchezaji apewe asilimia 85 ya handikapu yake: wa 12 anapata 10, wa 32 anapata 27. Mkishindana shimo kwa shimo ni asilimia 90, halafu mwenye ndogo kuliko wote wanne anacheza bila kupewa kitu na wengine wanapewa tofauti yao na yeye.

Asilimia hizi zinatolewa kwenye handikapu ya kiwanja, ile iliyokwisha kurekebishwa kwa ugumu wa kiwanja mnachochezea. Ibandike orodha ukutani kabla mtu wa kwanza hajapiga. Na asiye na handikapu usimkadirie kwa macho. Anaweza kupata ya kuanzia kwa kadi za mashimo 54, yaani kwetu sisi kuzunguka mara 6. Mpeni mwezi mmoja azilete.

Kanuni zenyewe hazina ugomvi mkubwa, isipokuwa mbili. Kwenye fosamu mmoja anaanza mashimo ya witiri na mwengine ya shufwa, na mikwaju ya adhabu haibadilishi zamu. Watu husahau baada ya mpira kupotea: aliyepiga anataka kurudia yeye, kumbe zamu ni ya mwenzake. Mkipiga kinyume cha zamu mnaongezewa mikwaju 2 na mnarudia sahihi, na mkianza shimo linalofuata bila kusahihisha mnatolewa. Kwenye foboli angalieni kadi: lazima ionekane alama ya kila shimo ni ya nani kati ya wawili, kwa sababu handikapu zao si moja.

Kwa kuchagua mchezo, mimi hutazama jua. Hapa linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo mwaka mzima, na watu wengi hufika baada ya kazi. Foboli ina mipira minne ya kutafuta kwa kila kundi, haimaliziki mashimo 18 jioni. Siku ya kazi nachagua fosamu, mashimo 9 tu. Foboli naiweka Jumapili asubuhi. Wakati wa kusi upepo unasukuma mipira na wanaojifunza wanaumia zaidi, hapo skrambo inawafaa, wanabaki na hamu ya kurudi. Na Ramadhani hatupangi kitu.

Mkilingana, amueni mapema mtavunjaje sare. Sisi tunatazama mzunguko wa pili wa mashimo 9, kisha 6 ya mwisho, kisha 3. Mwaka uliofuata mzee yule alilingana na timu nyengine, akashindwa kwenye 3 ya mwisho. Aliiomba orodha ukutani, akaisoma yote, akanirudishia, kisha akaenda kuwapa mkono washindi.