Usiku ule wa kochi

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unaniuliza mjukuu wangu alale kitandani kwenu au kwenye kile kitanda chake alichonunua baba yake Kariakoo, maana umesoma tafiti mpaka saa nane za usiku na kila moja inakuvuta upande wake. Nami nina swali langu kwanza: saa nane hiyo, nani alikuwa amembeba mtoto?

Nakuuliza kwa sababu kuna usiku mmoja wa Temeke ambao sijawahi kukusimulia.

Bibi yako alikaa nasi zile siku arobaini. Alinikanda, akanipikia uji wa pilipili manga, akanifundisha kulala. Ndiyo, kulala. Mtoto usawa wa ziwa, mkono wangu juu ya kichwa chake, magoti nimeyakunja chini ya nyayo zake, hata nikitaka kumgeukia nashindwa. "Mama apumzishwe kwanza," alikuwa akisema, akikuchukua wewe mgongoni alfajiri ili nipate usingizi. Kisha akarudi Korogwe. Wiki ileile nikakupeleka kliniki, nesi akauliza mtoto analala wapi, nikasema kwangu. Akanisema mbele ya foleni nzima: "Utamlalia huyo, uje hapa unalia."

Nikaogopa. Baba yako alikuwa zamu ya usiku bandarini, umeme hakuna, joto la Februari unalijua. Nikajiambia nikikunyonyesha kitandani nitasinzia, bora nikae kwenye kochi niwe macho. Nikasinzia hapohapo. Aliyeniamsha ni Mama Zuhura wa chumba cha pili, anagonga kuazima kiberiti. Mapajani haupo. Umeteleza kwenye ule mwanya kati ya mto wa kochi na egemeo, uso umezama kwenye kitambaa, kile cha kijani chenye maua. Nilikuvuta kwa mguu. Kimya kidogo, kisha ukalia. Mama Zuhura nilimpa kiberiti chake na sikumwambia neno. Baba yako kaingia kaburini hajui.

Kwa hiyo kwenye ujumbe wako, nilipofika pale tafiti zinapotaja kochi, niliiweka simu chini. Madaktari wa watoto wa Marekani, kwenye mwongozo wao wa 2022, wanataka mtoto alale chumba cha wazazi angalau miezi 6, lakini juu ya kitanda chake, chali, godoro gumu, bila mito wala blanketi. Na haohao wanasema mama anayehisi atapitiwa na usingizi akinyonyesha, heri umkute kitandani kuliko kwenye kochi. Yule profesa uliyemtaja, James McKenna wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, aliyewachunguza mama na watoto wakiwa usingizini, anaona kunyonyesha na kulala pamoja havitenganishiki. Na Helen Ball wa Durham, Uingereza, ameeleza jinsi mama anayenyonyesha anavyojikunja kumzunguka mwanawe. Mkono juu, magoti chini. Hapo nilimlilia bibi yako upya.

Lakini nisimfanye bibi yako malaika. Alikuwa anakulaza kifudifudi usije ukapaliwa ukicheua, na hapo alikosea. Uingereza walipoanza kuhimiza watoto walazwe chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Wala nesi hakusema uongo. Watoto hulaliwa, na huenda alishawapokea kwa mikono yake. Mtu aliyekunywa pombe, mtu anayevuta sigara, mtoto aliyezaliwa njiti: hapo mimi mwenyewe nasema kitanda kimoja hapana, hata dakika. Ila yule nesi hakuniuliza nani yuko nami usiku. Nimebishana naye kichwani miaka yote hii, na kila mara naishia palepale. Mama apumzishwe kwanza.

Sasa unataka nikuchagulie kitanda. Sikuchagulii. Nyumba ni yenu wawili, na mume wako naye ana sauti. Ingawa kile kitanda cha Kariakoo kikisogezwa karibu na chenu, ukanyoosha mkono ukamgusa, kila mmoja na neti yake... Basi, nimenyamaza.

Mwambie baba mtoto mimi mkwewe nimesema: ukishanyonyesha ile ya usiku wa manane, kucheulisha na kulaza ni kazi yake, wewe ugeukie ukutani ulale. Ijumaa nakuja, nitakaa mpaka mwisho wa mwezi, alfajiri zote ni zangu. Na kabla sijafika, nguo zenu zisizokunjwa zirundike kwenye kochi la sebuleni kila jioni, pasibaki pa kukaa.

Mama yako